Kabla Hujanunua Pampu ya Jenereta, Kagua Njia ya Mafuta

Juzi dada mmoja wa Mbezi Beach kaniandikia. Jenereta lake la dizeli linawaka vizuri, ila akiwasha friji na pampu ya maji linakohoa, linazima. Fundi keshasema pampu ya mafuta imekufa, alete hela.

Dada yangu, usitoe hata senti kwanza. Mimi niliuziwa pampu mpya kwa tatizo hilohilo, na likabaki palepale. Ilikuwa hela ya ada ya mtoto. Mpaka leo inaniuma.

Fundi alipoondoka nikaanza mwenyewe kwenye tangi. Nilifungua koki ya chini, nikakinga mafuta kwenye chupa safi, nikayaacha yatulie. Juu dizeli, chini maji, katikati utando mweusi unaovutika kama mlenda. Maji ni mazito kuliko dizeli, hivyo hukaa chini, na vijidudu hustawi pale vitu hivyo viwili vinapokutana. Huku kwetu pwani hewa ina unyevu mwingi; tangi likikaa nusu, unyevu hugeuka matone ndani yake. Uchafu wote huo ulikuwa umeishia kwenye filta. Bila mzigo, yaani vyombo vya umeme, jenereta hula mafuta kidogo, ndiyo maana linawaka. Mzigo ukiongezeka, filta iliyoziba haipitishi ya kutosha.

Nikamwaga maji, nikasafisha tangi, nikaweka filta mpya. Likabeba mzigo wa nyumba nzima!

Ila ukishabadilisha filta, lazima utoe upepo ulioingia kwenye njia ya mafuta. Legeza skrubu ya juu ya filta, piga kipampu cha mkono cha mafuta mpaka yatoke bila mapovu, kisha kaza. Nati za nozeli, zile zinazopulizia dizeli ndani ya injini, mwachie anayezijua, maana dizeli ya presha hutoboa ngozi. Kagua pia kifuniko cha tangi: ukikilegeza na jenereta likaacha kuzima, kitundu chake cha hewa kimeziba.

Tangu Bwawa la Nyerere lianze kuzalisha umeme mwaka 2024, wengi tumeyatelekeza majenereta uani, dizeli imelala humo miezi na miezi. Jamani, tuvithamini vitu tulivyovitolea jasho. Liwashe mara kwa mara, tena likiwa na mzigo. Tangi lijae. Mafuta ya kidumu yachuje kabla ya kuyamimina, na koki ya chini ifungue kila baada ya mvua za masika na za vuli.