Kufuga Matumbawe Nyumbani: Je, Kuna Njia Moja Tu Iliyo Sahihi?

Kila anayetaka kuanza kufuga matumbawe nyumbani hunijia na swali lile lile: njia iliyo sahihi ni ipi? Huwa namjibu kwamba matumbawe hayajali njia, yanajali maji. Yanahitaji chumvi ya gramu 35 hivi katika kila kilo ya maji, joto la nyuzi 24 hadi 27, maji yasiyo na amonia (sumu itokanayo na taka za viumbe), na kalisi, yaani kalsiamu, ya kutosha kujengea mifupa; na hali hiyo isiwe ya kupanda na kushuka. Namna ya kuyafikisha maji hapo ndipo wafugaji wanapotofautiana, na wametofautiana tangu zamani.

Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Indonesia alieleza jinsi alivyofuga viumbe wa bahari kwa kutumia mawe yaliyotolewa mwambani yakiwa na uhai wake, pamoja na viputo vya hewa tu. Baadaye wafugaji wa Berlin waliyatumia mawe ya namna hiyo wakaongeza skima, yaani mtambo unaoondoa uchafu kwa povu. Jean Jaubert wa Monaco akategemea tabaka nene la mchanga lenye uwazi chini yake. Na Walter Adey wa taasisi ya Smithsonian, Marekani, akayasafisha maji kwa mwani. Wote walifanikiwa. Anayekuambia kwamba njia yake ndiyo pekee, ama hajaziona nyingine, ama ana mtambo anaotaka kukuuzia.

Hata hivyo, haifuati kwamba kila njia inafaa kila mahali. Mimi huipima njia kwa swali moja: ikiharibika, itaharibika vipi, na itanipa muda gani wa kuokoa? Arusha, ninakofugia mimi, iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kwa sababu ya mwinuko huo oksijeni inayoweza kuyeyuka majini ni pungufu kwa karibu asilimia 15 ikilinganishwa na pwani. Kwa hiyo umeme ukikatika usiku, tangi lenye samaki wengi linaanza kuishiwa pumzi mapema: samaki wanapanda juu, wanapumua harakaharaka mdomo ukigusa uso wa maji, na konokono wanakwea kioo hadi ukingoni. Nina pampu ndogo ya hewa inayotumia betri, ambayo hujiwasha yenyewe umeme unapokatika, nami naithamini kuliko taa yoyote ya bei ghali. Kwa sababu hiyo hiyo napendelea mawe mengi na samaki wachache, ingawa wageni hulalamika kwamba tangi langu linaonekana tupu.

Suala la maji ni zito zaidi. Maji mengi ya kuzunguka Mlima Meru yana floridi nyingi na bikaboneti nyingi, na floridi hiyo tunaifahamu kwa meno ya kahawia ya wenzetu wengi. Ukiyachanganya na chumvi ya akwaria, bikaboneti yake hupandisha ualkali (uwezo wa maji kuhimili asidi) kupita kiasi ulichokusudia, na kuyachemsha hakuondoi floridi. Kwangu, mashine ya osmosisi, inayochuja maji hadi kuondoa chumvichumvi zake, si anasa.

Rafiki yangu wa Moshi hana mashine hiyo na matumbawe yake laini, yaani yale yasiyojenga mifupa ya mawe, yamenawiri, kwa kuwa huagiza maji ya bahari kutoka Tanga kwenye madumu. Njia yake ina masharti yake. Maji yatekwe bahari ikiwa imejaa, mbali na mito, na wakati wa masika ni afadhali kuacha kabisa, kwa sababu mito humwaga baharini tope na maji baridi yasiyo na chumvi. Mto Pangani wenyewe hubeba mvua ya Meru na Kilimanjaro iliyotunyeshea sisi. Tena Moshi iko chini kuliko Arusha na ina joto zaidi, hivyo Februari yeye anahangaika na feni ya kupoza tangi, ilhali mimi Julai, usiku unaposhuka chini ya nyuzi 15, naongeza hita ya pili na kulifunika tangi kwa blanketi. Tumeachana kwa kilomita 80 tu, na tayari vifaa vyetu havifanani.

Viumbe wenyewe visichukuliwe mwambani kwa ndoo. Matumbawe magumu yako chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, na kuyavusha mipaka kunahitaji vibali. Tafuta vipande vilivyokuzwa na wafugaji wengine.

Ukishachagua njia, ipe miezi kadhaa kabla ya kuihukumu. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, huhitaji wiki kadhaa kuzaliana vya kutosha, na anayebadilisha mfumo kila anaposoma ushauri mpya huwavuruga kila mara. Pima chumvi kila wiki, na maji yanayopotea kwa mvuke yafidie kwa maji matupu yaliyochujwa, kwa kuwa chumvi haipandi na mvuke. Anza na matumbawe laini. Yale magumu yasubiri mpaka vipimo vya ualkali na kalisi vitulie bila wewe kuvikimbilia kila asubuhi.