Chapisha kadi na risiti, hata kama una WhatsApp

Ndugu yangu wa Malindi, umeuliza kama kadi za biashara na kitabu cha risiti bado vina kazi, ilhali wateja wako wa mashua wote wako WhatsApp. Vina kazi, tena kubwa.

Mimi hutembeza wageni kwa jahazi hapa Lamu. Mgeni anashuka gatini Shela simu imezima, mikono imelowa. Namba yako ataiandika wapi? Kadi huitia mfukoni, jioni akampa mwenzake. Ila usitumie printa ya wino wa maji: kadi zangu za kwanza zilichuruzika kwa tone moja la bahari, namba ikawa doa la buluu. Omba karatasi nene ya gramu 300 kwa mita ya mraba, ilaminetiwe (ifunikwe kwa plastiki nyembamba) upande mmoja tu, ule mwingine uweze kuandikia saa ya safari.

Risiti chukua zenye nakala. Ujumbe wa M-Pesa unaonyesha pesa imeingia, hausemi ni ya safari ya siku gani, watu wangapi, wala kwamba ni arubuni tu. Nimewahi kuvutana na mteja mpaka nikamfungulia nakala yenye sahihi yake.

Karatasi za barua zenye nembo usizirundike, toa moja moja kwenye kompyuta.