Bi mkubwa alivyopigwa 285,000 na "huduma kwa wateja" feki

Mkuu, umeuliza umlindeje mzee wako anayepigiwa kila mara na watu wanaojiita huduma kwa wateja, eti wanataka kurekebisha laini yake. Nakujibu kwa yaliyomkuta bi mkubwa wangu kule Muheza.

Jamaa alianza na shikamoo. Hapo nusu ya kazi ilishaisha. Akasema usajili wa laini umegongana na wa mtu mwingine, saa kumi itafungwa, asikate simu. Akamuuliza ana salio kiasi gani "ili tulilinde". Kisha wakaanza kubonyeza pamoja: sasa andika namba ya usajili (namba ya simu ya tapeli hiyo), sasa andika namba ya uhakiki, 285000. Mama anarudia tarakimu kwa sauti, miwani puani, hajui kuwa anaandika kiasi cha hela. Mwisho, namba ya siri. Na hakumtajia mtu! Aliibonyeza mwenyewe, kama tulivyomfundisha. Kwa hiyo ule wimbo wa "usimtajie mtu namba ya siri" peke yake hautoshi.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba alikaa siku mbili kimya. Kaka aliwahi kumfokea alipokosea namba akituma hela, sasa akaogopa. Angesema palepale tungepiga 100, huduma kwa wateja ya kweli, labda hela ingezuiwa kabla tapeli hajaitoa kwa wakala. Kaeni kikao kwanza nyinyi watoto: atakayemfokea mzee ndiye atakayelipa.

Mama sasa ana laini mbili. Inayojulikana na kila mtu, salio lake halizidi elfu kumi. Ya akiba tunaijua watatu tu, na inakaa kwenye kitochi kabatini.

TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walishatangaza kwamba kwa hapa Tanzania mtandao unampigia mteja kwa 100 tu. Ikiingia 07 au 06 inayojiita huduma kwa wateja, ni tapeli. Namba yake iripoti kwa SMS kwenda 15040. Siku ukienda kumsalimia, piga *106# kwenye simu yake uone laini zilizosajiliwa kwa NIDA (kitambulisho cha taifa) yake. Sisi tulikuta moja hatuijui.

Kukata simu mama hawezi, anaona ni kukosa adabu. Tukampa neno la kusema: "Subiri mwanangu, nachukua miwani." Juzi amepigiwa tena. Akaiweka simu juu ya kigoda, akaenda kulisha kuku.