Swichi za kiwandani zitume barua pepe: nilivyozifunga mimi

Mkuu, umesema una swichi sita za viwandani (vile visanduku vinavyounganisha vifaa vya mtandao) kwenye ringi ya faiba, umejaza anwani ya Gmail na paswedi kwenye ukurasa wa tahadhari, ukabonyeza kitufe cha kujaribu na hakuna kilichofika. Mwishoni ukauliza uwashe tahadhari zipi. Naanza na hilo la mwisho, kwa sababu ndilo lililotugharimu sisi.

Nilikuwa nahudumia kiwanda kimoja pembeni ya Barabara ya Nyerere, swichi nne kwenye ringi. Ringi unaijua, swichi zimeunganishwa kwa mduara: faiba ikikatika sehemu moja, swichi zinageuza njia, mitambo inaendelea, opareta hata hashtuki. Asubuhi moja sehemu nzima ya ufungashaji ikapotea kwenye skrini za chumba cha udhibiti. Nikaitwa mbio. Nikakuta foklifti imegonga bomba la nyaya karibu na ghala na faiba imekatika. Lakini faiba moja kukatika haitakiwi kuangusha kitu kwenye ringi, kwa hiyo nikaanza kutafuta ya pili.

Tulifungua kabati la ufungashaji, mimi na fundi umeme wa pale, mtu mzima aliyekaa kiwandani miaka mingi. Vumbi limetanda juu ya swichi, na katikati ya vumbi taa nyekundu ya hitilafu inawaka. Mzee akaniambia, "Mwanangu, hiyo taa naiona siku nyingi. Nikajua ndivyo ilivyo." Faiba ya upande wa pili ilikuwa imetafunwa na panya juu ya dari. Lini? Nikafungua logi ya swichi, yaani kumbukumbu ya matukio yake, tarehe zote zinasoma Januari 1970, maana saa haikuwahi kuwekwa, na kila umeme ukikatika inaanza kuhesabu upya. Hadi leo sijui tulikaa wiki ngapi tukiendesha kiwanda kwa njia moja.

Ndiyo maana nasema, usifunge tahadhari kwa ajili ya hitilafu ambayo kila mtu ataiona. Mstari ukisimama, msimamizi wa zamu atakupigia simu kabla barua pepe haijafika. Tahadhari ni ya ile hitilafu ambayo mitambo inaificha. Kwenye swichi zenye ringi na umeme wa pande mbili ziko tatu: ringi kubadilika njia, tundu la ringi kupoteza mawasiliano, na moja kati ya pembejeo mbili za umeme (pale umeme unapoingilia) kuzima. (Nikisema tundu ni pale unapochomeka waya. Poti naiacha kwa zile namba za milango ya kupitishia barua pepe, kama 587 huko chini, tusichanganyane.) Hiyo ya umeme usiidharau. Swichi nyingi za viwandani zina pembejeo mbili za 24 VDC (volti 24 za umeme wa DC, kama wa betri), pawasapulai moja ikifa ya pili inabeba kimya kimya, na wewe hujui mpaka nayo ife.

Ongeza mtu kujaribu kuingia kwa paswedi mbaya, na mipangilio kubadilishwa. Basi. Matundu ya mashine za kawaida yaache. Mimi mwanzo niliwasha yote, na kila opareta akizima mashine yake mwisho wa zamu barua inatoka. Siku ya tatu msimamizi alikuwa ameshazima sauti ya simu yake, na sikuweza kumlaumu.

Sasa hiyo Gmail yako. Kabla ya paswedi, angalia kama swichi ina lango la kutokea nje (gateway, yaani namba ya ruta) na seva ya DNS. Swichi za kiwandani mara nyingi hupewa namba ya IP na kuachwa hapo, kwa sababu kazi yake ni kuongea na PLC za ndani tu, zile kompyuta zinazoendesha mitambo. Bila lango barua haitoki hata paswedi iwe sahihi. Bila DNS haitajua smtp.gmail.com, seva ya Gmail ya kutumia barua, iko wapi. Zipo za zamani zinazokubali namba ya IP tu kwenye nafasi ya seva. Usiweke humo namba ya Google uliyoipata leo, zinabadilika.

Ukishapita hapo, paswedi yako ya kawaida ya Gmail haitafanya kazi. Kuanzia Mei 30, 2022 Google waliondoa ule mlango wa programu zinazoingia kwa jina na paswedi tu. Inabidi uwashe uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti, kisha utengeneze paswedi ya programu yenye herufi 16, na hiyo ndiyo unaijaza kwenye swichi. Poti ni 587 kwa TLS au 465 kwa SSL, zote ni njia za kusimba barua isisomwe njiani. Na nakusihi, isiwe akaunti yako binafsi. Kuna swichi zinazohifadhi paswedi hiyo ikisomeka wazi ndani ya faili la mipangilio, na faili hilo litapita mikononi mwa mafundi wengi. Fungua akaunti ya kazi hiyo tu.

Kama swichi zako ni za zamani, hata hapo zinaweza kugoma, kwa sababu hazijui TLS ya sasa, zinajua poti 25 peke yake. SMTP, utaratibu wa kutuma barua pepe, ilipoandikwa mwaka 1982 haikuwa na paswedi wala usimbaji, na swichi nyingi za zamani zimebaki karibu na hapo. Usihangaike nazo. Weka tarishi wa ndani.

Tarishi namaanisha kompyuta ndogo ya Linux ndani ya mtandao wa kiwanda, yangu ilikuwa Raspberry Pi, yenye Postfix, programu ya kupokea na kupeleka barua pepe. Swichi zinampa barua kwa poti 25 bila paswedi, yeye anazipeleka Gmail kwa poti 587 na paswedi ya programu. Kwenye mipangilio ya Postfix, kwenye mynetworks (wanaoruhusiwa kumpa barua) andika namba za swichi zako tu, kwenye relayhost (anakozipeleka) andika [smtp.gmail.com]:587, na smtp_tls_security_level iwe encrypt. Kwenye fayawoli, kile kizuizi kati ya kiwanda na intaneti, mruhusu yeye peke yake kutoka nje. Swichi zenyewe zisiguse intaneti kabisa, na tafadhali usije ukafungua njia ya kuziingia kutoka nje eti uziangalie ukiwa nyumbani.

Hata swichi zako zikiwa mpya ningemweka huyu tarishi, kwa sababu ya umeme wetu. Umeme unakatika, genereta inachukua muda kushika, swichi zinawaka zote pamoja na kila moja inataka kutangaza kuwa imewaka upya. Ruta ya intaneti wakati huo bado inajivuta. Swichi nilizokuwa nazo zilijaribu kutuma mara moja, zikashindwa, zikanyamaza. Postfix haikati tamaa hivyo: barua inakaa foleni na inajaribiwa tena na tena, kwa kawaida hadi siku 5. Mweke tarishi na ruta kwenye UPS, ile betri ya akiba. Kumbuka pia Gmail ya kawaida ina kikomo cha barua 500 kwa siku. Tundu moja lenye kiunganishi kilicholegea, linalowaka na kuzima, linaweza kumaliza kikomo hicho kabla ya mchana.

Saa. Weka NTP, huduma ya kusawazisha saa kupitia mtandao, kwenye kila swichi, majira ya UTC+3, na usiwashe kipengele cha kusogeza saa wakati wa kiangazi, sisi hatuna hicho. Tarishi huyohuyo anaweza kuwa seva ya saa, ila Raspberry Pi za kabla ya toleo la 5 hazina saa yake ndani, kwa hiyo naye lazima aipate kutoka nje. Pia zipe swichi majina. Za kwetu zote zilikuwa na jina moja la kiwandani zilikotengenezwa, barua ikija unabaki unajiuliza ni ipi. Tuliziita kwa kabati: KABATI-1-GHALA, KABATI-3-UFUNGASHAJI. Zamu ya usiku ikasoma na kujua pa kwenda bila kunipigia.

Kitu kimoja wengi wanasahau: swichi iliyokufa haiandiki barua. Iliyopoteza umeme wote itatangazwa na majirani zake wawili, kwa hiyo tahadhari ya matundu ya ringi lazima iwe kwenye kila swichi. Halafu tazama pembeni ya viunganishi vya umeme, kuna kontakti ya rilei, kiunga cha umeme kinachogeuka swichi ikipata hitilafu. Zile nilizofunga zilibeba 1 A kwa 24 VDC. Tuliipitisha kwenye pembejeo ya PLC na taa ya njano juu ya kabati, nje, ili mzee asilazimike kufungua mlango ndipo aone. Hiyo haitegemei intaneti wala Gmail.

Ukimaliza, usiridhike na kitufe cha kujaribu. Omba muda wakati mitambo imesimama, chomoa faiba moja kwa mkono wako, uhesabu barua. Kwenye ringi yetu zilitakiwa kuja angalau mbili, moja kila upande. Ikaja moja, na ndivyo nilivyogundua swichi ya ghala haikuwa na lango.

Miezi kadhaa baadaye, Jumapili, nikiwa kwenye foleni ya kivuko Kigamboni, ikaingia barua: KABATI-3, tundu la 7 limepoteza mawasiliano, ringi imegeuza njia. Nikampigia fundi wa zamu, akapanda darini, akakuta panya tena. Faiba ikaungwa Jumatatu mchana, na hakuna mashine iliyosimama.

Anza na lango na DNS, kisha uniandikie hapa toleo la famwea (programu ya ndani) la swichi zako na ujumbe wa kosa unaotokea ukibonyeza kujaribu. Paswedi ifute kwanza kwenye picha.