Je, Michoro na Sauti Vinaweza Kushika Nafasi ya Daftari la Utafiti?

SWALI: Ninasomea shahada ya uzamili ya anthropolojia na ninatafiti kazi ya mafundi wa mashua hapa Bagamoyo. Kila jioni ninajaza daftari, lakini nikilisoma sioni ndani yake harufu ya sifa (mafuta ya papa yanayopakwa mashua), mlio wa tezo (shoka dogo la kuchongea mbao), wala namna fundi anavyopima ubao kwa kiganja. Je, naweza kutumia michoro na sauti badala ya maandishi, na msimamizi wangu atavikubali?
Msomaji, Bagamoyo

JIBU: Unaweza, ingawa hilo neno lako "badala" nitalipinga hapo mbele. Jambo lenyewe si geni: msafara wa Chuo Kikuu cha Cambridge ulioongozwa na Alfred Haddon kwenda visiwa vya Torres Strait, kati ya Australia na New Guinea, mwaka 1898 ulibeba mashine ya kunasa sauti kwenye mitungi ya nta pamoja na kamera ya sinema.

Ningekushauri uanze na mchoro. Ukichora jinsi taruma (ubavu wa mashua) linavyokaa juu ya mkuku (mti wa chini unaobeba mashua), utalazimika kutazama kiungo ambacho kalamu ya maandishi ingekiruka kwa sentensi moja. Tena fundi, ambaye pengine hana haja ya kusoma daftari lako, ataliona kosa papo hapo na huenda akaichukua kalamu alisahihishe mwenyewe. Usifute mchoro wako wa kwanza, kwa sababu tofauti baina ya mkono wako na wake ni sehemu ya ushahidi. Wala usihangaike na uzuri wa mchoro, maana hukuja kushindana na wachoraji.

Kwa sauti, mfuate mwanaanthropolojia Steven Feld, ambaye huko Bosavi, Papua New Guinea, aliwarudishia wenyeji rekodi zake wazisikilize na kumwelekeza kipi kisikike zaidi. Nawe rekodi nyundo wakati wa kutia kalafati, yaani kuziba nafasi kati ya mbao kwa pamba, kisha uwasikilizishe mafundi na kuwauliza kama mlio unawaambia kuwa pamba imeshika.

Harufu haina mashine, na chupa za sampuli siziamini sana. Tembea na fundi kutoka soko la samaki hadi penye mashua, ukitia alama kwenye ramani ya mkono kila anapotaja harufu.

Hata hivyo, hapa ndipo ninapolipinga lile neno "badala": rekodi isiyo na maelezo huwa bubu baada ya miezi michache, hivyo andika tarehe, waliokuwapo, na kama maji yalikuwa bamvu (makubwa) au mafu (madogo). Msimamizi atakuelewa ukimwonyesha mahali ambapo mchoro ulibadilisha hitimisho lako.

Kumbuka pia kwamba sauti humtambulisha mtu hata ukificha jina lake. Omba ridhaa ya sauti peke yake na ya picha peke yake, na kabla ya kuanza usome Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.