Panya wa nyoka wako katoka wapi? Maswali yenu na majibu

Meseji za safari hii karibu zote zinaulizia dawa ya minyoo ya nyoka, dozi ngapi, inauzwa wapi, na mi kila mtu namrudishia swali: huyo panya unayempa umemtoa wapi? Maana nyoka anayekaa kwenye tanki safi ndani ya nyumba minyoo ataipata kwa chakula au kwa nyoka mwenzie, basi. Kwa hiyo leo ni chakula tu, dawa tutaigusa kidogo.

Nina chatu yule mdogo wa Afrika Magharibi anayejiviringa akiogopa, amezoea panya hai. Naambiwa nihamie panya wa friza eti barafu inaua minyoo. Kweli? – msomaji, Birmingham

Kweli, ila sio kila kitu. Barafu inaua utitiri na kupe waliong'ang'ania kwenye manyoya, na minyoo mingi pamoja na mabuu yake, bora uipe muda. Friza iwe nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi ya hapo na panya akae humo mwezi mzima, na hicho kijisehemu cha barafu ndani ya friji ndogo ambacho watoto wanakifungua kila saa wakitafuta aiskrimu usikihesabu kabisa. Kisichokufa ni bakteria. Salmonela inalala tu humo ikisubiri joto, mwaka 2010 huko Marekani watu waliugua na chanzo kilikuwa panya wa kugandishwa hawahawa wa kununua, kwa hiyo nawa mikono kwa sabuni kila ukiwashika.

Kuhama sio kazi kama watu wanavyotisha. Chatu wako anasikia joto kwa vile vishimo vya mdomoni, kwa hiyo panya awe na joto la mwili hasa kichwani, mshike kwa koleo ndefu umtikisetikise kidogo, afu uwe mpole. Akikataa jaribu tena baada ya wiki, nyoka mzima mwenye afya hafi kwa kuruka mlo. Na faida nyingine, panya aliyekufa hang'ati. Nimeona nyoka aliyetafunwa mgongo na panya hai aliyeachwa naye usiku kucha, mpaka nyama inaonekana, sitaki hata kusimulia.

Tulimwokota nyoka mdogo wa kahawia asiye na sumu stoo, tunamfuga. Mama anatega panya humohumo stoo, si chakula cha bure hicho? – msomaji, Mombasa

Kwanza kabisa kaka, kwa Kenya mnyama wa porini hafugwi bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, Sheria ya Wanyamapori ya 2013 iko wazi, kwa hiyo hilo lishughulikie kabla hata ya panya. Pili, nyoka wa kuokota mara nyingi anakuja na minyoo yake tayari, tena hata mahali alipo hawezi kupumzika vizuri, kwa hiyo mi ningekwambia mrudishe.

Kuhusu panya wa stoo, hapana. Panya huyo kala mende, kala takataka, kapita mitaroni, tumboni ana minyoo na kwenye manyoya ana viroboto. Lakini kuna kitu kibaya kuliko minyoo, nacho ni sumu. Sumu nyingi za panya zinafanya damu isigande na panya hafi palepale, anatembea siku kadhaa, ndo huyo anayeingia kwenye mtego wa mama. Na jirani akiweka sumu hakutumii meseji. Friza haitoi sumu hata ukimgandisha mwaka mzima. Wanaofuga kihalali wengi wanazalisha panya weupe wenyewe, wanawalisha chakula kikavu kwenye kizimba kisichoingiliwa na panya wa nje.

Naishi Tampa, mijusi wamejaa bustanini, nyoka wangu anawapenda kuliko panya. Kuna ubaya? – msomaji, Florida

Dada, kati ya sehemu zote za Marekani wewe umekaa pabaya kwa mchezo huo. Florida kuna mdudu wa mapafuni anaitwa Raillietiella orientalis, aliingia na chatu wa Burma waliofugwa wakaishia porini kule kwenye vinamasi vya Everglades, na sa hivi yuko ndani ya nyoka wa asili wa jimbo hilo na anawaua. Njia yake ndo hiyo bustani yako: nyoka mgonjwa anatoa mayai, wadudu kama mende wanayala, mjusi au chura anakula mdudu, nyoka anakula mjusi, afu huyo Raillietiella anapanda mpaka kwenye mapafu anakaa anakunywa damu. Wewe unamletea nyoka wako mzunguko mzima kwa mkono.

Mjusi, chura na samaki wa mtoni wana hatari kuliko panya wa kufugwa, hiyo ni kanuni popote ulipo. Kama nyoka kazoea harufu ya mjusi, chukua mjusi aliyekaa friza mwezi, msugue panya naye puani, wengi wanadanganyika. Na nyoka aliyekwisha kula wa bustanini apelekwe kwa daktari wa reptilia.

Mke wangu hataki panya kwenye mikrowevu. Mwambie hakuna shida. – msomaji, Minneapolis

Shemeji yuko sahihi, pole. Mikrowevu inapika nje huku ndani barafu, na tumbo linaweza kupasuka, usafi wa siku hiyo utafanya wewe. Mtie panya kwenye mfuko unaofungika, weka kwenye boksi lenye mfuniko chini kabisa ya friji usiku kucha, kesho yake mfuko uingie kwenye maji ya moto ya bomba, sio yanayochemka, kwenye ndoo ya kazi hiyo tu. Kabla ya kumpa bonyeza tumbo kwa kidole gumba, ukisikia kigumu katikati bado, rudisha. Akiingia na barafu tumboni nyoka anaweza kumtapika. Asipoliwa mpaka asubuhi anatupwa, harudi friza.

Mbegu za papai au kitunguu saumu zinafaa kwa minyoo ya nyoka? – msomaji, Dar

Hapana. Na dawa ya minyoo ya mbuzi pia hapana. Fenbendazo ikizidi inaumiza uboho, na aivameketini ukiiweka nyumba yenye kobe unaweza kuua kobe. Peleka kinyesi kibichi, kilichokaa friji na sio friza, kipimwe, daktari apige hesabu kwa uzito.

Nyoka wangu anatapika kila mlo na katikati ya mwili kuna uvimbe. Panya wake wengine ni wale waliokataliwa na nyoka wangu wa kwanza. – msomaji, Toronto

Hii ndo imenishtua. Inawezekana ni kripto, Cryptosporidium serpentis, kijidudu kinachonenepesha kuta za tumbo la nyoka, na hakuna dawa ya kuaminika ya kukimaliza. Sijasema ndicho, ila kapimwe wiki hii, na kipimo kimoja kikitoka safi usishangilie kwa sababu kijidudu hakitoki kila siku, rudia. Mpaka hapo huyo ahudumiwe wa mwisho, kwa koleo na bakuli la maji la kwake.

Panya aliyeguswa na nyoka mmoja hapewi mwingine, hata kama ni wa bei gani. Klorini ya kawaida haikiui kijidudu hiki. Wanatumia amonia asilimia 5, mahali panapopitisha hewa, na usiichanganye na klorini kamwe, gesi yake ni sumu. Nyoka mpya akae peke yake siku 60 mpaka 90, na ukiona vitu vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa vimezama kwenye maji yake, huo ni utitiri, anza kuhesabu siku upya.

Hiyo minyoo inaweza kutuingia sisi? – msomaji, Leeds

Ni nadra mno. Afrika ya Kati, Kongo ikiwemo, wanaokula nyama ya nyoka wanaweza kumeza mayai ya Armillifer, mdudu wa mapafu ya nyoka kama yule wa Florida, na mwaka 2022 madaktari wa Canberra walitoa mnyoo hai wa sentimita 8 wa chatu kwenye ubongo wa mama mmoja ambaye inadhaniwa aliupata kwa mboga za porini zilizochafuliwa na kinyesi. Kwako cha kuogopa ni Salmonela: watoto wa chini ya miaka 5 wasimshike, na bakuli lake lisioshwe kwenye sinki la vyombo.