Kabla Hamjamlisha Mzee Aliyetoka Kupasuliwa

Jana kwenye raundi nilifungua faili la mzee aliyeondolewa umio kwa sababu ya saratani, nikakuta mmoja wenu ameandika kwa mwandiko mzuri kabisa kwamba mgonjwa "anakula kidogo". Sikumkemea, kwa sababu miaka 11 iliyopita niliandika maneno hayo hayo, na ninajua yalikonifikisha. Wadogo zangu, someni haya kabla hamjagusa mpira wa kulishia.

1. Mpimeni mgonjwa kwa mizani, wala msinakili kilo alizozikumbuka mjukuu wake.

2. Ulizeni ni kitu gani hasa kimepita kooni katika siku 10 zilizopita. Mgonjwa wangu wa miaka ile 11 iliyopita alikuwa mzee wa miaka 74 mwenye kilo 40. Binti yake alinieleza kwa kirefu, akiwa amepakata chupa ya chai, kwamba baba alianza kukwamwa na ugali, kisha wali, kisha hata mtori, na kwamba kwa wiki mbili za mwisho alikuwa akimeza uji mwepesi uliochujwa kwa kitambaa. Nilikuwa na haraka, nikayafupisha yote hayo kuwa "anakula kidogo". Siku moja baada ya upasuaji, mpira ukiwa umeshawekwa kwenye utumbo mwembamba, nilipiga hesabu niliyofundishwa chuoni, kilokalori 30 kwa kila kilo, nikapata 1,200, nikaagiza apewe zote siku hiyo hiyo. Muuguzi wa zamu, mama mtu mzima aliyekwisha kuona mengi, aliniuliza mara mbili kama nina hakika, nami nikamjibu kwa kumwonyesha kikokotoo.

Siku ya tatu miguu ilikuwa imevimba, moyo unakwenda ovyo, na mzee hamtambui binti yake. Mwili uliokuwa ukiishi kwa mafuta yake wenyewe ulikuwa umemiminiwa wanga ghafla. Insulini ikapanda, ikasukuma fosfeti, potasiamu na magnesiamu ndani ya seli, na damu ikapungukiwa na madini ambayo moyo na misuli ya kupumulia huyategemea. Sikuwa nimepima hata moja kati ya hayo kabla ya kuanza. Alilala chumba cha wagonjwa mahututi siku 9. Binti aliponiuliza kilichomsibu baba yake, nilimwambia ni mambo ya kawaida baada ya upasuaji, na uongo huo unaniuma kuliko hesabu yenyewe. Mzee alipona, akaondoka kwa mkongojo, na wakati wa kuaga alinishukuru kwa chakula.

Mgonjwa wa namna hiyo hupewa thiamini (vitamini B1) kwanza, huanzishiwa kilokalori zisizozidi 10 kwa kila kilo kwa siku, hupandishwa polepole kwa siku 4 hadi 7, na madini yake hupimwa kila siku.

3. Aliyeondolewa mfuko wote wa chakula apewe milo midogo 6, vinywaji vitenganishwe na chakula, na sindano za vitamini B12 ni za maisha. Ndugu watakoleza uji sukari ili "apate nguvu", naye muda mfupi baadaye atatoka jasho, moyo utamwenda mbio na tumbo litamwendesha, kisha mtaitwa usiku wa manane kwa madai kwamba mshono umeachia. Daktari wa upasuaji mwiteni, lakini mkimsubiri, onjeni uji huo.

4. Tafuteni meno. Nilipata kumwandikia mzee mmoja chakula laini kwa siku 4, nikilalamika kwamba anakataa nyama na hivyo protini haitoshi, mpaka mhudumu wa usafi alipoyakuta meno yake ya bandia kwenye droo ya kitanda, yamefungwa ndani ya kipande cha khanga.

Yule mzee wa jana nimemuuliza mwenyewe: kwa siku 12 alikuwa akiishi kwa maji ya madafu. Mpango wake mpya umo ndani ya faili. Anayeingia zamu ya asubuhi afuatilie majibu ya fosfeti kabla ya kuongeza kasi ya mpira.